Sahani ya Maskini wa Newstead

Washairi wana ugonjwa mmoja usiotibika: wakiona ukuta uliobomoka hulia, na wakishalia huona wamemaliza kazi. Ugonjwa huo umeifaa sana nyumba ya Newstead Abbey, katika jimbo la Nottinghamshire, Uingereza. Wapenzi wa ushairi huijua kwa jina la Lord Byron, aliyeirithi mwaka 1798 akiwa mtoto wa miaka 10, akaitungia mashairi katika ujana wake, kisha akairudia kwa jina la kubuni ndani ya utungo wake mrefu, Don Juan. Tangu hapo magofu yale yamekuwa kama kaburi la walii: watu huzuru, huguswa, hurudi makwao. Ni wachache waulizao gofu lile lilikuwa nini kabla halijawa zuri.

Hata jina lenyewe ni la kujipamba. Newstead haikuwa abasia kamwe. Ilikuwa nyumba ya wastani ya makanoni wa Mtakatifu Agostino, yaani mapadri waishio kitawa, iliyoasisiwa na Mfalme Henry wa Pili katika karne ya 12. Msomaji wa pwani hahitaji kufasiriwa sana nyumba ya namna hiyo, kwa kuwa kipimo anacho: wakfu. Mali hutengwa kwa ajili ya Mungu na waja wake, na tangu siku hiyo haiuzwi wala hairithiwi. Sheria si zile zile, lakini nia ni moja.

Mwaka 1535 maofisa wa Henry wa Nane walipita kuandika mapato ya nyumba za dini. Katika hesabu ya Newstead yamo matumizi mawili yanayostahili kusomwa polepole. La kwanza ni shilingi 20 walizogawiwa maskini siku ya Alhamisi Kuu kumkumbuka mfalme mwasisi. La pili ni chakula na kinywaji alichopewa maskini mmoja kila siku, sawa na fungu la kanoni. Thamani yake shilingi 60 kwa mwaka. Ukigawa, ni chini kidogo ya peni mbili kwa siku. Si nyingi, wala makanoni hawakuwa malaika. Nyumba za watawa wa zama zile hazikukosa uvivu na ulafi. Lakini atazamaye atazame kipimo: maskini yule alipewa fungu la kanoni, hakupewa makombo ya kanoni.

Sheria ya mwaka 1536 ilizifunga nyumba zenye mapato chini ya paundi 200, na mapato halisi ya Newstead hayakufika 170. Makanoni wakalipa faini ya zaidi ya paundi 230 ili waachwe. Wakaachwa, na Julai 1539 wakafungiwa vile vile. Mfalme alikula faini, kisha akala na nyumba. Mwaka uliofuata Sir John Byron aliuziwa kila kitu kwa paundi 810. Makanoni waliandikiwa pensheni. Yule maskini wa mlangoni hakuandikiwa kitu.

Watetezi wa majumba haya wana hoja, nayo huisema kwa sauti ya hekima: lau si akina Byron, mawe yote yangalichukuliwa, kama yalivyochukuliwa ya nyumba nyingi nyingine. Ukweli wa hoja hii ni nusu. Kanisa lenyewe lilibomolewa. Ukuta wake wa mbele ndio ulioachwa, dirisha lake kubwa tupu, upate kuipamba nyumba ubavuni. Ukumbi wa chakula ukawa sebule. Chumba cha mashauri kikawa kanisa la familia. Meza ya shaba ya kusomea Maandiko, yenye umbo la tai, ilizama ziwani hadi ilipoopolewa katika karne ya 18, na sasa imo katika kanisa kuu la Southwell. Avunjaye jahazi akazifanya mbao zake milango, amehifadhi mbao. Asidai kuwa amehifadhi jahazi.

Ama Byron mshairi, hapa wapenzi wake hukunja uso. Katika elejia aliyoichapisha mwaka 1807 hakuwasahau watawa, anawalilia wakifukuzwa. Mwaka uliofuata mbwa wake Boatswain alikufa, naye akamjengea kaburi la fahari mahali alipodhani palikuwa pa madhabahu. Fuvu lililofukuliwa uwanjani, lililodhaniwa kuwa la mtawa, akalifanya kikombe cha mvinyo. Haya huitwa utundu wa ujana, na yaitwe hivyo. Lakini Februari 1812 kijana huyo huyo alisimama katika Baraza la Malodi akawatetea kwa ushujaa wafumaji wa Nottinghamshire waliovunja mitambo kwa njaa. Jicho lililoiona njaa ile liliweza pia kuiona sahani iliyoondolewa mlangoni pake. Katika elejia sahani hiyo haimo.

Byron aliiuza nyumba mwaka 1817, kwa paundi 94,500, kwa Thomas Wildman aliyesoma naye Harrow. Wildman anasifiwa hadi leo kwa ukarabati wake. Fedha zake zilitoka katika urithi wa shamba la miwa la Quebec, Jamaika, lililolimwa na watumwa. Kisha, mwaka 1861, nyumba ikanunuliwa na William Frederick Webb, na huko David Livingstone alikaa miezi ya 1864 na 1865 akiandika kitabu chake cha Zambezi. Aliilaani biashara ya watumwa ya upande huu wa Afrika chini ya dari iliyotengenezwa kwa jasho la watumwa waliovushwa bahari ya upande wa pili.

Mwaka 1874 walifika hapo Abdullah Susi na James Chuma, waliomchukua Livingstone maitini hadi Bagamoyo. Ipo picha yao Newstead, pamoja na watoto wa marehemu, karatasi na ramani zikiwa mbele yao. Chuma alikuwa amekombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861. Hakuna katika picha ile kinachomwonyesha dari ililipiwa na nani.

Mwaka 1931 Sir Julien Cahn aliinunua nyumba akaukabidhi mji wa Nottingham, na umma ukafunguliwa milango. Mji huo una kazi moja nyepesi: kuiandika ukutani hesabu ile ya 1535, shilingi 60 na fungu la kanoni, ndani ya ukumbi ule ule wa chakula uliofanywa sebule.