Msiusingizie mtandao

Ukifika dirishani katika ofisi ukaambiwa "mtandao unasumbua", usiharakishe kuamini. Mtandao umekuwa jalala letu. Kila lawama tunautupia. Mimi ni msimamizi wa kanzidata, kazi yangu iko nyuma ya dirisha hilo, na nakwambia mara nyingi intaneti inakwenda vizuri tu. Ila usiku kuna mtu kagusa kitu kimoja ndani ya kanzidata, na asubuhi vingine vilivyokuwa vikikitegemea havikuamka.

Wengi hudhani kanzidata ni majedwali matupu: majina, salio, namba za simu. Lakini katika Oracle, mojawapo ya mifumo ya kanzidata, tangu toleo lake la 7 la mwaka 1992, humo humo hukaa pia programu. Ipo ya kukokotoa riba, ipo ya kukata ada, ipo ya kutoa risiti. Nazo huitana: ya risiti inaiita ya ada, ya ada inaiita ya riba, ya riba inasoma jedwali la viwango. Gusa jedwali la viwango, na mteja anayesubiri risiti ndiye atakayejua.

Oracle yenyewe haina siri katika hili. Inatunza daftari la nani anamtegemea nani, linaitwa DBA_DEPENDENCIES, na msimamizi yeyote analisoma kwa mstari mmoja wa amri. Ukibadili kitu ambacho programu inakitumia, Oracle inaipiga programu hiyo muhuri wa batili, pamoja na zile zinazoitegemea, kisha hujaribu kuzikompaili upya pindi zinapoitwa. Zamani hata kuongeza safu moja kwenye jedwali kulitosha kuangusha msururu mzima. Tangu toleo la 11g, mwaka 2007, inaangalia hadi ngazi ya safu, na programu isiyoitumia safu hiyo kwa kawaida huachwa na amani yake.

Kisha, katika Oracle hiyo hiyo, kuna pakeji, yaani programu kadhaa zilizofungwa pamoja, yenye sehemu mbili: tangazo, linalosema inatoa huduma gani, na mwili, unaofanya kazi yenyewe. Ukibadili mwili pekee, programu zinazoiita zinabaki halali. Ukigusa tangazo, unaweza kuzibatilisha zote. Fundi mwenye adabu hulitunga tangazo kwa makini na kuliacha. Lakini hata mwili usibadilishwe mchana, kwani pakeji ikiwa inatunza vigeu vyake, waliokwisha kuingia kwenye mfumo watapigwa na kosa ORA-04068, na wakijaribu mara ya pili inapita. Ile "hebu subiri kidogo… aa, imekubali" ya karani, wakati mwingine ni hiyo.

PostgreSQL, kanzidata nyingine ambayo ofisi nyingi huipenda kwa kuwa haina ada ya leseni, ina tabia nyingine. Mwili wa programu kwa kawaida inauhifadhi kama maandishi tu. Futa jedwali ambalo programu inalisoma, itanyamaza. Kosa litajitokeza siku programu itakapoitwa, pengine mwisho wa mwezi. Toleo la 14 la mwaka 2021 limeleta namna ya kuandika programu za SQL ili utegemezi wake usajiliwe, lakini zilizoandikwa zamani haziguswi na neema hiyo. Kwa mionekano, yaani maswali yaliyohifadhiwa yakasomeka kama jedwali, hapo inakukatalia kufuta jedwali linalotegemewa, na inakudokeza uongeze neno CASCADE. Watu huliongeza bila kusoma orodha ya vitakavyofutwa pamoja nalo. Neno hilo ningelifungia kabatini.

Sikusudii kuwabebesha lawama vijana wanaoandika programu. Wenye kesi ni wanaosaini mikataba. Nimesoma nyaraka za zabuni zinazoeleza kwa kina rangi ya ukurasa wa kuingilia, nembo ikae wapi, mafunzo yawe na chai au la. Utegemezi wa programu hautajwi hata kwa bahati mbaya.

Ninachodai ni karatasi moja kabla ya kila badiliko: programu zipi zitaguswa, na ngapi ni batili sasa hivi. Hesabu hiyo irudiwe baada ya kazi, maana kila mfumo mkongwe una batili zake za kudumu zisizo na mwenyewe, na mzabuni hupenda kujificha nyuma yake. Atangaze pia kila mahali ambapo amri inaungwa kwa vipande vya maandishi wakati programu inakimbia, kwa sababu hizo hakuna daftari linaloziona. Na asinijibu kwamba msimbo wake umefichwa kwa sababu za kibiashara. Oracle inasajili utegemezi hata wa programu iliyofichwa maandishi yake.

Wakubwa husema karatasi hiyo itachelewesha kazi. Kuitoa daftarini huchukua muda mfupi kuliko kuandika barua ya kuwaomba radhi wateja. Na badiliko la Ijumaa usiku, mishahara ikiwa inaingia kesho yake, nisiletewe mezani hata likiwa na karatasi.