Kabla Hujabonyeza "Tuma": Somo Kutoka Maduka ya Kadi za Besiboli

Tuanze na swali. Mtu akikuonyesha kipande cha karatasi ngumu, kidogo kuliko kiganja, chenye picha ya mchezaji wa zamani, utamwambia bei gani? Shilingi 20? Agosti 2022 huko Marekani, kadi ya namna hiyo, ya mwaka 1952 yenye picha ya Mickey Mantle wa New York Yankees, iliuzwa kwa mnada kwa dola milioni 12.6. Ukipiga hesabu kwa pesa za Kenya, hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni moja.

Ni rahisi kusoma habari kama hii ukabaki tu kusema "wazungu wana pesa." Lakini sisi tunaona kuna jambo linalomhusu kila mtu anayenunua kitu kwa simu, na jambo hilo haliko kwenye mnada. Liko kwenye maduka madogo ya familia ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakiuza kadi hizi.

Duka lenyewe likoje?

Katika miji mingi ya Marekani utapata duka la aina hii: baba au mama alilifungua miaka ya 80, na leo mtoto wake ndiye yuko kaunta. Kadi za bei zimefungiwa ndani ya kioo. Pembeni kuna masanduku ya kadi za dola moja moja, ambazo mtoto anaweza kununua kwa pesa zake za matumizi. Jioni fulani watu hukutana hapo kubadilishana kadi. Kuna mzee anayetafuta kadi ya mwisho ili akamilishe seti aliyoianza akiwa shule ya msingi. Kuna mama anayejifunza majina ya wachezaji kwa sababu ya mwanawe. Kila mmoja anamjua mwenye duka, na mwenye duka anajua nani anatafuta nini.

Kwa hapa kwetu, fikiria duka la mtaa ambalo mwenyewe anakujua kwa jina, anaweza kukuandika kwenye daftari la madeni, na hawezi kukuuzia kitu kibovu kwa sababu kesho mtakutana tena.

Bei hutoka wapi?

Kadi ya Mantle ilitolewa na Topps, kampuni iliyoanzishwa Brooklyn mwaka 1938 na ndugu wanne wa familia ya Shorin, ikajulikana kwa kuuza chingamu. Kadi za mwisho za seti ya 1952, pamoja na hiyo ya Mantle, zilichelewa kufika madukani. Msimu wa besiboli ukaisha, nyingi zikabaki ghalani. Mwaka 1960, Sy Berger wa Topps alizipakia kwenye jahazi na kuzimwaga baharini, kwa sababu hakuna aliyezitaka. Uadimu wa leo ulitokana kwa sehemu na mzigo uliokosa soko.

Watu walipoona kadi za zamani zinapanda bei, miaka ya mwisho ya 80 na mwanzo wa 90 walianza kununua kadi mpya kwa maboksi na kuziweka kama akiba ya uzeeni. Kampuni nazo zikachapisha nyingi kupita kiasi. Hesabu yake ni nyepesi: kitu ambacho kila mtu amekiweka akiba hakiwezi kuwa adimu. Wakusanyaji wenyewe wanakiita kipindi hicho enzi ya taka.

Hapo ndipo kazi ngumu ya duka la familia inapoonekana. Mtu anafiwa na baba yake, anapata maboksi ya kadi za 1989 au 1990 yaliyotunzwa vizuri, anayabeba hadi dukani akitumaini yatalipa karo ya mtoto. Mwenye duka anaangalia dakika chache tu, kisha inabidi amwambie ukweli: nyingi hazina bei. Kumwambia hivyo uso kwa uso si rahisi. Pia angeweza kufanya kinyume, akaona kadi moja ya maana katikati ya boksi, akanyamaza, akainunua kwa bei ya kutupa. Kwa maoni yetu, duka linalodumu miaka 30 au 40 linadumu kwa sababu ya siku ambazo mwenyewe angeweza kunyamaza na hakunyamaza.

Lakini si intaneti imerahisisha mambo?

Imerahisisha, na hatutajifanya hatujui. eBay ilipoanza mwaka 1995, mkusanyaji wa kijijini aliweza kupata kadi kutoka upande wa pili wa nchi na kuona wengine wamelipa ngapi. Mwenye duka hakuweza tena kupanga bei peke yake. Maduka mengi yalifungwa, na mengi yaliyobaki leo yanauza mtandaoni pia. Na ukweli usemwe, si kila mwenye duka ni malaika.

Zimekuja pia kampuni za kukagua kadi, kuipa alama na kuifungia ndani ya plastiki. Hata hizo hazimalizi wasiwasi. Kadi maarufu ya Honus Wagner, iliyotolewa kati ya 1909 na 1911 ndani ya pakiti za sigara, ilikaguliwa na kupewa alama ya juu, na mwaka 2007 ikauzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013, mfanyabiashara wa minada Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba aliwahi kuikata kingo ili ionekane nzuri zaidi. Ilikuwa na alama, ilikuwa na plastiki, na bado ilikuwa imeguswa na mkasi.

Msimamo wetu

Sisi ni kampuni ya malipo, na bila shaka tunafurahi ukilipa kwa simu. Lakini ni lazima tuseme wazi: ujumbe wa uthibitisho unakuambia pesa imefika. Haukuambii kama simu uliyonunua ni orijino, kama shamba lina hati, au kama "mzigo wa mwisho uliobaki" kweli upo. Kazi hiyo ambayo mwenye duka alikuwa akiifanya kwa macho yake na jina lake, sasa imebaki kwako. Ukiruka hatua hiyo, pesa inasafiri kwa sekunde chache, na ikishatolewa upande wa pili, kuirudisha ni kazi kubwa.

Kwa hivyo tunashauri:

- Soma jina kabla ya kuthibitisha. Kama duka linaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa, uliza kwanza.
- Ukiambiwa kitu ni adimu, uliza vingine viko vingapi. Angalia watu wamelipa ngapi, kwa sababu bei anayotaka muuzaji si bei ya soko.
- Usilipe kwa haraka ya mtu mwingine. Muuzaji anayekukimbiza ana sababu yake. Ikiwezekana, lipa mzigo ukifika na umeukagua.
- Weka rekodi. Hifadhi ujumbe wa malipo na mazungumzo yenu mpaka uridhike na ulichonunua.
- Ukimpata muuzaji mkweli, rudi kwake. Hata akiwa ghali kwa shilingi 50.

Hili la mwisho ndilo tunalolitilia mkazo zaidi. Duka la familia haliishi kwa kusifiwa, linaishi kwa watu kununua hapo. Wakusanyaji wengi wa Marekani waligundua hivyo baada ya duka la mtaani kwao kufungwa, wakabaki na bei nafuu mtandaoni na hakuna wa kumuuliza "hii ni ya kweli?"

Je, mtaani kwako kuna duka unaloliamini? Leo ukipita, nunua kitu. Lipa kwa simu au kwa keshi, hatutakasirika.