UCHANGANUZI: Deni na umbali ndivyo vinavyopandisha bei madukani Voi

KILA mwisho wa mwezi unapokaribia, maduka ya vyakula katika miji ya Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta hugeuka kuwa benki. Mwalimu, kibarua wa shamba la mkonge na mfanyakazi wa kaunti huchukua unga, sukari na mafuta ya kupikia bila kutoa hata ndururu, majina yao yakaandikwa daftarini.

Malalamiko kwamba wenye maduka hayo huwapunja wateja ni ya miaka mingi, hasa bei zao zinapolinganishwa na zile za supamaketi kubwa za Mombasa na Nairobi. Hata hivyo, ukifuatilia safari ya bidhaa kutoka ghalani hadi jikoni, utabaini kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na mambo matatu: umbali, kipimo kidogo na deni.

Tuanze na umbali. Voi iko takriban kilomita 150 kutoka Mombasa, kandokando ya barabara kuu iendayo Nairobi, na kwa mji huo wenyewe usafiri si kikwazo kikubwa. Gharama huanza kupanda pale gari linapoiacha barabara hiyo.

Kaunti ya Taita Taveta ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 17,000, na zaidi ya nusu ya eneo hilo imo ndani ya mbuga za Tsavo. Wakazi wake, ambao kwa mujibu wa sensa ya 2019 walikuwa 340,671, wametawanyika katika milima ya Taita, miji ya tambarare na mashamba ya Taveta. Msambazaji anayetoka Voi kwenda Taveta husafiri zaidi ya kilomita 100 huku akipita maeneo mapana yasiyo na wateja. Serikali ilipopandisha ushuru wa VAT kwa mafuta ya petroli na dizeli kutoka asilimia 8 hadi 16 mnamo Julai 2023, mzigo huo uliangukia hasa maduka ya mwisho wa njia.

Kutiwa lami kwa barabara ya Mwatate hadi Taveta, pamoja na kufunguliwa kwa kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta na Holili mwaka wa 2016, kulileta nafuu. Mchele, vitunguu na mahindi kutoka Tanzania hupitia huko. Lakini njia hiyo nayo huyumbishwa na maamuzi ya mbali. Machi 2021, Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza msimamo siku chache baadaye kwa masharti. Mwenye duka asiye na akiba ya wiki mbili ndiye huumia katika misukosuko ya aina hiyo.

Jambo la pili ni kipimo. Familia nyingi hununua kwa mtindo unaofahamika kama kadogo: sukari ya robo kilo, mafuta ya kupima, sabuni ya kukatwa. Mathalan, iwapo lita moja ya mafuta inauzwa Sh300 na robo lita Sh85, anayenunua robo nne kwa siku nne atakuwa ametoa Sh340 kwa lita ile ile. Tofauti hiyo ya Sh40 hugharimia kazi ya kupima na kiasi kinachomwagika. Muhimu zaidi, mnunuzi ameweza kula leo akiwa na Sh85 pekee mfukoni.

La tatu, ambalo ndilo zito zaidi, ni deni. Muuzaji wa jumla humdai mwenye duka malipo papo hapo, ilhali mteja wake hulipa baada ya siku 30 au zaidi. Pengo hilo lazima lizibwe na mtu. Daftari halina riba iliyoandikwa, lakini riba hiyo imo ndani ya bei ya unga, na hulipwa hata na yule anayenunua kwa pesa taslimu.

Hapo ndipo lilipo siri la supamaketi ndogo za kujihudumia ambazo zimechipuka katika miji ya mashambani kote nchini. Zina rafu chache na mhudumu mmoja au wawili, hununua kwa wingi kuliko duka la kawaida, na hazikopeshi. Kwa kuondoa daftari, zinaweza kupunguza shilingi kadhaa katika kila pakiti.

Lakini kwa kufanya hivyo zimechagua wateja. Mwenye pesa taslimu huvutiwa na rafu, huku asiye nazo akibaki na duka la jirani. Duka hilo nalo, likishapoteza wateja wanaolipa papo hapo, hubaki na madeni matupu na hulazimika kupandisha bei zaidi au kufunga. Kwa namna hiyo, nafuu ya jirani mmoja inaweza kuwa mzigo wa mwingine.

Voi ina funzo lake katika suala hili. Kwa miongo mingi madereva wa malori walikuwa wateja wa pesa taslimu katika mji huo. Agosti 2019, serikali iliagiza mizigo inayotoka bandari ya Mombasa kwenda bara isafirishwe kwa reli ya SGR, agizo lililozua maandamano mjini Mombasa. Miji ya kando ya barabara kama vile Mariakani, Voi na Mtito Andei ilipoteza sehemu ya biashara yake hadi agizo hilo lilipoondolewa Septemba 2022. Wateja waliobaki wakati huo walikuwa wenyeji, ambao wengi wao hutegemea daftari.

Isitoshe, mapato ya wenyeji hao hayatabiriki. Hazina Kuu inapochelewesha mgao wa kaunti, kama ambavyo imetokea mara kwa mara tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, mishahara hukwama na maduka huwalisha wafanyakazi hao hadi fedha zipatikane. Hakuna anayemlipa mwenye duka fidia ya huduma hiyo.

Badala yake, ameongezewa ushuru. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha ushuru wa mauzo kwa biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi 3, kwa wanaouza kuanzia Sh1 milioni kwa mwaka. Kiwango hicho ni sawa na mauzo ya takriban Sh2,740 kwa siku, ambayo si makubwa kwa duka la unga na sukari. Ushuru huo hutozwa mauzo yenyewe, awe mfanyabiashara amepata faida au amepata hasara.

Wapo wanaoamini kwamba suluhisho litaletwa na kampuni kubwa zenye matawi mengi. Historia inatoa tahadhari. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka wa 1975, ilifunga milango 2006, ikafufuliwa, kisha ikaporomoka tena. Nakumatt iliyochipuka Nakuru ilikuwa na matawi zaidi ya 60 kabla ya wadai wake kuamua, Januari 2020, ifungwe kabisa. Tuskys ilifuata mkondo huo huo. Zote zilikuwa zikiishi kwa mikopo ya wasambazaji, na wasambazaji hao walipoteza mabilioni ya shilingi. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Njia iliyo karibu zaidi ni wenye maduka kununua kwa pamoja. Maduka 20 ya Mwatate na Wundanyi yakiagiza lori moja kupitia chama cha ushirika, yatapata bei ya jumla inayopatikana leo kwa supamaketi pekee. Shirika la KNTC liliundwa mwaka wa 1965 ili kuwafikishia wafanyabiashara Waafrika bidhaa za jumla, ingawa mwaka wa 2023 jina lake lilisikika zaidi kutokana na maswali ya wabunge kuhusu uagizaji wa mafuta ya kupikia.

Kadhalika, mboga za milima ya Taita na ndizi za Taveta husafirishwa hadi Kongowea, Mombasa, wakati maduka ya kaunti hiyo yangeweza kuziuza bila nauli ya mbali. Serikali ya kaunti inaweza kusaidia kwa maghala, masoko yenye vivuli na vyumba vya baridi.

Zaidi ya yote, inaweza kulipa mishahara na wakandarasi wake kwa wakati. Kila siku ya kuchelewa huongeza ukurasa katika daftari la mwenye duka, na gharama ya ukurasa huo hulipwa na mama anayenunua robo kilo ya sukari.