Uwanja wa Umma Si Ardhi Iliyokaa Bure

Kila kipande cha ardhi ya umma kinapomegwa Dar es Salaam, sababu zinazotolewa ni zile zile. Uwanja ulikuwa umekaa bure. Njia ya waenda kwa miguu ilishavamiwa na machinga, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Mti ulizuia ujenzi. Benchi lingegeuka kijiwe cha wavuta bangi. Na anayelalamika huambiwa anaiga mambo ya Ulaya. Nimezisikia hoja hizi kwenye vikao vya mtaa, redioni na ndani ya daladala, na mara nyingi anayezitoa hana nia mbaya. Amezisikia tangu utotoni, naye akaziamini. Lakini hazisimami, na hasara yake ni kubwa mno kuziacha zipite bila kujibiwa.

Nianze na hii ya ardhi iliyokaa bure, maana ndiyo mama wa nyingine zote. Anayeitoa hupima ardhi kwa kodi ya pango: ghorofa huingiza fedha kila mwezi, uwanja hauingizi kitu. Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba uwanja hufanya kazi ambayo hakuna anayetozwa, ndiyo maana haionekani kwenye vitabu vya halmashauri. Tazama bonde la Msimbazi. Kwa miaka mingi tulilihesabu kuwa ardhi tupu katikati ya jiji. Watu wakajenga nyumba, na karakana ya mabasi ya mwendokasi nayo ikawekwa Jangwani. Kumbe bonde halikuwa tupu. Lilikuwa linapokea maji yanayoteremka kutoka milima ya Pugu na kuyafikisha baharini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na maelfu wakahamishiwa Mabwepande. Karakana ya Jangwani ilifurika mara kwa mara, na mafuriko hayo yalisimamisha safari za mwendokasi na kufunga Barabara ya Morogoro. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo, na kati ya kazi zilizopangwa ni kuihamisha karakana, kujenga daraja jipya la Jangwani na kutengeneza bustani kubwa ya jiji. Tunakopa ili turudishiwe kile tulichokuwa nacho. Atakayesema tena kwamba ardhi isiyo na jengo haina faida, na alipigie mahesabu deni hilo kwanza.

Ipo kazi nyingine ya uwanja, nayo haina bei kabisa: ni mahali pa wananchi kuonana wakiwa wengi. TANU ya miaka ya 1950 haikuwa na ukumbi wa kutosha umati iliokuwa ikiuita. Ilikuwa na Mnazi Mmoja. Nairobi nako, mwaka 1989, serikali ya KANU ilitaka kusimamisha ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, makao ya gazeti la chama, Kenya Times. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai akaandika barua kwa kila aliyeweza kusoma barua: ofisi za serikali, mashirika ya kimataifa, wafadhili. Bungeni wakamkejeli, na shirika lake la Green Belt Movement likafukuzwa katika ofisi lililokuwa likitumia. Hakuacha. Wafadhili wakajitoa, mradi ukafa. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ya Kenya ilizinduliwa mbele ya umati mkubwa, papo hapo Uhuru Park. Kama ghorofa lile lingejengwa, umati ule ungesimama wapi?

Hoja ya pili inanigusa zaidi kwa sababu inamlaumu asiye na wa kumsemea. Inadai kwamba njia za waenda kwa miguu zimeuawa na machinga, na kwamba dawa ni kuwafagia. Nenda Kariakoo asubuhi, uingie Mtaa wa Kongo au mitaa inayopakana nao, utazame chini badala ya kutazama sura za watu. Hapa kuna turubai lenye viatu vya mitumba, pea kwa pea, upana wake hauzidi hatua moja. Mbele yake gari dogo limepanda njia kwa matairi mawili, nalo lina upana wa karibu mita 1.8. Halafu bodaboda tatu zimeegeshwa mshazari. Kisha mtaro uliopoteza mfuniko, na mtu ameweka kipande cha mbao ili wapitao wasitumbukie. Baada ya hapo njia yenyewe inakatika, kwa sababu mwenye duka ameinua ngazi zake hadi ukingoni mwa barabara. Mama aliyebeba mtoto mgongoni anashuka barabarani mara nne ndani ya mita hamsini, na katika mara hizo nne ni moja tu iliyosababishwa na machinga. Mwenye baiskeli ya walemavu hajaribu hata kupanda juu. Anakaa barabarani moja kwa moja, pamoja na malori.

Ni kweli, anayepanga bidhaa juu ya mtaro au kuziba lango la hospitali anakosea, na anapaswa kuondoka. Hilo halina ubishi. Ninachokataa ni kumchagua mmoja kati ya wavamizi wanne, yule maskini kuliko wote, na kumwita yeye ndiye tatizo. Tena dawa yenyewe tumeshaijaribu. Machinga Complex lilijengwa pale Karume, Ilala, ili wafanyabiashara hawa wapate mahali pao. Vizimba vingi vilikaa vitupu kwa miaka, kwa sababu mteja wa machinga hapandi ngazi kwenda kutafuta soksi. Anazinunua akiwa anapita, kati ya kituo cha daladala na nyumbani. Oktoba 2021 wakaondolewa kandokando ya barabara za jiji zima. Baada ya muda wengi walirejea. Wamerudi walipo wateja, kama mfanyabiashara yeyote mwenye akili angefanya.

Kinachofaa kinajulikana na kila mchora ramani wa mitaa. Mtaa wenye shughuli nyingi unahitaji ukanda wa kupita usioguswa na mtu yeyote, walau mita mbili, na pembeni yake ukanda mwingine wa mita moja au moja na nusu kwa meza za biashara, miti na nguzo za taa. Magari yakizuiwa kupanda juu kwa vizuizi vya zege, nafasi hiyo inapatikana katika mitaa mingi tuliyonayo sasa hivi bila kubomoa nyumba. Kinachokosekana ni kuamua kwamba anayetembea ana haki ya kwanza.

Hapo nitajibiwa kwamba wanaotembea ni wachache na jiji la kisasa ni la magari. Sitakaa sana kwenye hili. Kila abiria wa daladala ni mwenda kwa miguu pande zote mbili za safari yake, na jiji lililohesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022 haliwezi kumpa kila mtu nafasi ya kuegesha gari hata kama wote wangekuwa na fedha za kulinunua. Tena sifa kubwa kuliko zote tuliyopata kwa usafiri haikutokana na barabara za juu. Mradi wa mwendokasi ulioanza mwaka 2016, wenye kilomita 20.9 na njia pana za waenda kwa miguu na baiskeli pembeni, ndio ulioipatia Dar es Salaam Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018, jiji la kwanza la Afrika kuipata. Nairobi ilijenga barabara ya juu ya kulipia ya kilomita 27, ikafunguliwa 2022. Asiye na gari haina msaada kwake. Yeye anapita chini yake.

Na barabara ile ndiyo iliyotufundisha jambo kuhusu miti. Wanaosema mti huzuia maendeleo huzungumza kana kwamba ramani imeshuka kutoka mbinguni na haibadiliki. Pale Westlands, kwenye Waiyaki Way, kulikuwa na mti mkubwa wa mugumo wenye umri wa zaidi ya miaka mia, nao ulikuwa ung'olewe upishe ujenzi. Wananchi wakapiga kelele. Novemba 2020 ikatoka amri ya Rais Uhuru Kenyatta kwamba mti ubaki. Barabara ilijengwa ikakamilika, na mugumo umesimama. Mainjinia waliweza kuuzunguka. Tangu mwanzo hakuna aliyewataka wafanye hivyo. Huku kwetu pwani, ambako Januari na Februari lami huunguza hata kupitia soli ya kandambili, mwarobaini mmoja kituoni unamfaa abiria kuliko kibanda cha bati. Kivuli kihesabiwe kwenye bajeti ya barabara sawa na kokoto na saruji.

Kuhusu benchi na wahuni, jibu lipo Zanzibar na lina umri mkubwa. Katika Mji Mkongwe, mbele ya nyumba kwa nyumba, kuna baraza za mawe na chokaa zilizojengwa pamoja na ukuta. Mwenye nyumba alitoa sehemu ya jengo lake ili mpita njia apate pa kukaa. Hapo watu wamecheza bao, wamekunywa kahawa, wamepatanishwa, wamefanya biashara. Na mvua kubwa inapogeuza vichochoro kuwa mifereji, watu hupita juu yake. Mtaa wenye watu waliokaa nje una macho, na mwizi anaogopa macho kuliko anavyoogopa ukuta wenye vipande vya chupa. Au tazama Forodhani. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1936 kuadhimisha jubilei ya Sultani Khalifa bin Harub. Kufikia miaka ya 2000 ilikuwa imechakaa: giza, taka, ukingo wa bahari unaobomoka. Wakati huo ingekuwa rahisi kusema wananchi hawajui kutunza kitu. Badala yake ikakarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya Julai 2009, ikiwa na taa, njia, ukuta wa bahari uliotengenezwa na mahali palipopangwa kwa wauza vyakula. Wauzaji hawakufukuzwa. Leo familia zinakaa hapo usiku na watoto wao, na wauza urojo na mishikaki ni sehemu ya usalama wa mahali penyewe.

Inabaki ile hoja ya Ulaya, nayo ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa kuwa inageuza historia juu chini. Bustani na miti Dar es Salaam vilikuwepo tangu zamani. Vilipangiwa watu fulani. Wajerumani waligawa mji kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa, Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo: Uzunguni kwenye upepo wa bahari na viwanja vikubwa vya kijani, Uhindini kwenye maduka, Uswahilini kwenye msongamano. Mnazi Mmoja wenyewe uliachwa wazi ili utenganishe Uhindini na Kariakoo. Kisha wananchi wakauteka uwanja huo na kuugeuza mahali pa kudai Uhuru. Kwa hiyo anayesema leo kwamba bustani ni mambo ya Wazungu anairudia ramani ya mkoloni bila kujua, ile iliyosema kivuli na upepo si haki ya mtu wa Manzese wala Buguruni.

Wala si kweli kwamba sisi hatukuwahi kubuni kwa namna yetu. Soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Paa lake ni safu ya miavuli mikubwa ya zege iliyoacha upepo upite na kukusanya maji ya mvua, ili maelfu ya watu wafanye biashara kwenye joto la Dar bila kiyoyozi. Hilo ni jengo la umma lililofikiriwa kwa ajili ya mchuuzi wa nyanya. Nchi ilikuwa na miaka 14 tu ya Uhuru na fedha kidogo kuliko sasa.

Basi ukisikia mtaani kwako kwamba uwanja umepata mwekezaji, usingoje mabati ya kuzungushia yafike. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, kisha nenda halmashauri, uombe kuonyeshwa ramani ya mipango miji na uulize eneo hilo limeandikwa kuwa la nini. Andika jina la aliyekujibu na tarehe. Nenda na majirani, maana anayeuliza peke yake huambiwa arudi kesho.