Wapeni wanafunzi ukurasa wa kuandika: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kuhusu jambo lililo ndani ya mamlaka ya taasisi yako na lisilohitaji fedha nyingi: kuwaruhusu wanafunzi wa sekondari, tena kwa maagizo ya maandishi, waandike kwenye mtandao kama sehemu ya masomo yao. Kusoma mmeshatufungulia njia. Maktaba Mtandao ya TET ina vitabu vya kiada ambavyo mwalimu wa kijijini zamani alivisubiri mpaka akakata tamaa, na leo anavifungua bure. Mafunzo endelevu ya walimu kazini nayo yametuzoesha kujifunza kwa kishikwambi. Kwa hayo tunashukuru. Lakini mtandao tunaompa mwanafunzi mpaka sasa ni wa kupokea tu. Hatujamtengea mahali pa kuandika kitu kitakachosomwa na mtu mwingine zaidi ya mwalimu anayemsahihishia.

Naomba ufungue Wikipedia ya Kiswahili utafute kata uliyozaliwa. Kwa Tanzania, karibu kila kata ina ukurasa wake humo. Utakuta jina la kata, wilaya, mkoa, namba ya posta na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa, basi. Chini yake kuna tangazo dogo kwamba makala hiyo bado ni mbegu, na msomaji anaombwa aongeze anachokijua kuhusu historia, biashara, taasisi au watu wa mahali hapo. Mito yetu nayo ni hivyo hivyo: inatajwa mkoa unaopatikana na mahali maji yake yanakoishia, halafu kimya. Siwalaumu waliozianzisha kurasa hizo. Ni wahariri wachache wa kujitolea, waliovumilia tangu Wikipedia hiyo ilipoanza mwaka 2003 hadi ikafikisha makala zaidi ya 80,000. Hawakuwa na namna ya kuijua kila kata.

Anayeweza kuijua ni mtoto anayeishi humo. Na mtoto huyo yupo shuleni, maana kutokana na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, wananchi walichanga, wakabeba mawe na mchanga, wakajenga sekondari za kata nchi nzima. Kwa hiyo tunazo kurasa za kata zinazosubiri maelezo, na tunazo shule za kata zilizojaa vijana wanaofundishwa kuandika insha za kubuni kuhusu mambo wasiyowahi kuyaona. Ombi langu la kwanza ni hilo: ukurasa wa kata uwe kazi mradi ya shule ya kata.

Mahali pa kuipachika pameshapatikana. Mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutumika Januari 2024, imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Sijui somo jingine linaloidai kazi hii kwa nguvu zaidi. Tunawaambia wanafunzi waipende historia ya nchi yao, kisha tunawaandikia ubaoni notsi za kunakili. Mwanafunzi hutoka kidato cha nne akiwa na madaftari manne yaliyojaa maneno ya watu wengine, na hajawahi hata siku moja kuulizwa swali ambalo wahariri wa Wikipedia huliuliza kila saa: umelipata wapi hilo?

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani faida ya tovuti za namna hii ni kule kuwa na habari nyingi. Faida yake darasani iko katika jinsi zinavyofanya kazi. Wiki ni tovuti ambayo msomaji wake anaweza kuwa mhariri wake, na kila badiliko linahifadhiwa. Bonyeza palipoandikwa historia juu ya ukurasa, utaona nani aliongeza sentensi ipi, lini, na nani aliifuta. Bonyeza majadiliano, utaona walivyobishana. Kitabu cha kiada hakimwonyeshi mwanafunzi mambo hayo. Kitabu humfikia kikiwa kimeshapikwa na kupakuliwa, na mtoto hukua akiamini kwamba maarifa huzaliwa yakiwa na jalada.

Chukua mfano wa idadi ya wakazi. Kurasa nyingine bado zina takwimu za Sensa ya 2012, wakati nchi ilikuwa na watu 44,928,923. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Mwanafunzi akipewa kazi ya kusahihisha namba moja tu kwenye ukurasa wa kata yake, lazima aitafute taarifa ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, aipate kata yake kwenye jedwali, ahakikishe kwamba mipaka ya kata haijabadilika katikati kwa kugawanywa, kisha aandike chanzo chake chini ya ukurasa. Kwa namba moja amefanya hisabati, jiografia na uraia. Asipoweka chanzo, mhariri asiyemjua, aliye pengine mkoa mwingine, ataifuta kazi yake. Akinakili aya kutoka tovuti ya halmashauri bila kuiandika upya kwa maneno yake, itafutwa vilevile kwa sababu ya hakimiliki. Nimeona mwanafunzi akikasirishwa na ufutaji wa namna hiyo, halafu akarudi kwenye chanzo na kuandika vizuri kuliko alivyowahi kuniandikia mimi. Kalamu yangu nyekundu haikuwahi kumfikisha huko.

Walimu wa Kiswahili nao wana shamba lao. Zipo makala zilizotafsiriwa kwa mashine, zenye upatanisho wa kisarufi uliovurugika na sentensi zisizoeleweka. Mpe kidato cha tatu makala moja ya aina hiyo waisafishe. Ni zoezi la sarufi ambalo likikamilika, msomaji wa Bukavu au Mombasa anafaidika siku hiyo hiyo.

Ila wiki haitoshi peke yake, na napenda hili lieleweke vizuri ndani ya taasisi yako kabla ya waraka wowote kutoka. Wikipedia haipokei utafiti mpya. Mwanafunzi akikaa na bibi yake akasimuliwa jinsi kijiji kilivyohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, masimulizi hayo ni hazina, lakini hayawezi kuwekwa humo, maana hayajachapishwa popote. Hapo ndipo blogu ya darasa inapohitajika. Blogu ina sauti ya mwandishi na tarehe yake. Inaweza kupokea masimulizi ya wazee, maelezo ya chanzo cha jina la kijito, na kumbukumbu za mnada uliokuwepo kabla ya soko kujengwa. Wala isichukuliwe kuwa njia ya kupenyeza mambo hayo Wikipedia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu wahariri hawaikubali blogu ya shule kuwa chanzo. Kila chombo kina kanuni yake, na kumfundisha kijana tofauti ya ushuhuda na taarifa iliyothibitishwa ni nusu ya elimu ya historia.

Tatizo ni kwamba wakuu wa shule wanaogopa blogu, na hofu yao ina asili. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wasajiliwe na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na walipe ada ambazo kwa jumla zilizidi shilingi milioni 2. Kanuni zimebadilishwa tangu wakati huo, mwaka 2020 na tena 2022, lakini mkuu wa shule wa wilayani hasomi Gazeti la Serikali kila Ijumaa. Anachokumbuka ni kwamba kuna watu walifunga blogu zao. Mwalimu akimwendea na wazo la blogu ya klabu ya historia, jibu ni tusubiri maelekezo. Maelekezo hayo mnaweza kuyatoa ninyi mkishirikiana na TCRA na TAMISEMI. Ukurasa mmoja unaoeleza wazi hali ya blogu ya kielimu ya shule ya umma utafungua milango mingi kuliko semina.

Najua litakaloulizwa mezani kwako: hivi Wikipedia inaaminika? Jarida la Nature lililinganisha makala 42 za sayansi za Wikipedia ya Kiingereza na za Britannica mwaka 2005, likakuta makosa ya wastani wa 4 kwa makala upande wa Wikipedia na 3 upande wa Britannica. Lakini nisiufiche ukweli. Ya Kiswahili haina wahariri wengi kama ile, na kosa linaweza kukaa humo miaka bila kuguswa. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kuwapeleka wanafunzi. Mtoto aliyelikuta kosa la kata yake mwenyewe na kulirekebisha hatakuja kuamini kila kinachosambazwa kwenye simu ya mjomba.

Tahadhari nyingine inatoka katika historia ya hapa hapa. Mwishoni mwa 2009, kampuni ya Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, na zawadi zikiwemo kompyuta. Makala ziliongezeka kwa mamia. Zawadi zilipogawiwa, walioendelea kuandika walikuwa wachache mno. Naomba tusirudie njia hiyo ya mashindano na picha za kukabidhi hundi. Kazi inayodumu shuleni ni ile iliyo kwenye azimio la kazi, inayoingia kwenye alama za upimaji endelevu, ambayo mwalimu anaulizwa na mdhibiti ubora kama ameifanya.

Vifaa havitoshi, hilo halina ubishi. Wanafunzi hawaruhusiwi simu, na chumba cha kompyuta, kama kipo, mara nyingi kina mashine chache. Hata hivyo vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, na vingi viko mikononi mwetu. Ipo programu ya bure iitwayo Kiwix inayoiweka Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya kishikwambi, ikasomeka bila bando. Kishikwambi kimoja kinaweza hata kuwagawia wengine walio karibu kwa Wi-Fi. Wanafunzi wasome hivyo, waandike rasimu kwenye daftari, warekebishane, na intaneti ihitajike siku ya kupandisha tu. Siku hiyo pia ina mtego wake, nao unafaa kuandikwa kwenye mwongozo wa mwalimu: mfumo huruhusu akaunti 6 tu kufunguliwa kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti, hivyo darasa zima likianza kujisajili kwa modemu moja litakwama mapema. Akaunti zifunguliwe kidogo kidogo siku za nyuma, na kila kundi la wanafunzi liwe na mwakilishi wake, kwa kuwa akaunti moja haitakiwi kutumiwa na watu wengi.

Kuhusu usalama wao sina mjadala. Mwanafunzi asitumie jina lake halisi, asitaje shule kwenye ukurasa wake wa mtumiaji, asiweke picha yake, na mwalimu asome kila rasimu kabla haijapanda. Mzee anayesimulia aulizwe kama anataka atajwe, na akikataa aheshimiwe.

Kwa hiyo tunachohitaji kutoka kwako ni kazi mradi ya ukurasa wa kata kwenye mwongozo wa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na zoezi la uhariri kwenye Kiswahili. Maelekezo ya blogu za shule. Na moduli fupi ya mafunzo kwa walimu kwenye mfumo mlionao tayari. Moduli hiyo iandaliwe pamoja na wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili walioko nchini, wakiwemo wa Jenga Wikipedia ya Kiswahili, maana wao ndio wanaojua kwa nini makala hufutwa. Anzeni na wilaya chache. Mkihitaji shule za kujaribia, walimu wa kujitolea wapo, nami ni mmoja wao. Orodha ya kata za wilaya yetu ambazo kurasa zake bado zina takwimu za 2012 tumeshaanza kuiandaa, na tunaweza kuileta ofisini kwako Mikocheni kabla muhula wa Januari haujafunguliwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia na Kiswahili,
shule ya sekondari ya kata