Beki hana habari

Leo naomba tuwaweke pembeni kidogo Simba na Yanga. Nina deni, na ninayedaiwa naye ni beki.

Majuzi nilitumwa kuripoti mechi ya madaraja ya chini. Uwanja wa vumbi, watazamaji wa kuhesabika, matokeo 1-0. Nikaandika aya nne: mfungaji, mfungaji anasemaje, kocha anasemaje, msimamo wa ligi. Mhariri akazipitisha, nami nikalala usingizi mnono.

Asubuhi simu ikaita. Alikuwa beki wa kati wa timu iliyoshinda, mtu wa miaka thelathini na ushee. Hakugomba. "Mwandishi, nimesoma gazeti. Hongera. Ila nilitaka kuuliza, kwani mimi jana sikucheza?"

Kuna timu ilikuwa inataka kumsajili, na viongozi wake walimwambia alete vipande vya magazeti vinavyomtaja. Hakuwa na hata kimoja. Na mimi nilikuwepo pale! Niliona kwa macho yangu dakika za mwisho alipoupiga kichwa mpira uliokuwa unavuka mstari, kipa keshalala chini. Bila kichwa kile matokeo yangekuwa 1-1. Nikafungua daftari langu. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kikosi tu.

Nilimwomba radhi, lakini radhi haisajili mtu.

Tangu siku hiyo namfikiria Graham Alexander. Humjui? Sikulaumu. Vibanda umiza vyetu vimejaa mashabiki wanaojua hadi namba ya kiatu cha Ronaldo, lakini huyu hawana habari naye.

Alexander alizaliwa Coventry mwaka 1971. Mwaka 1990 alianza soka la kulipwa Scunthorpe United, daraja la nne la Uingereza. Mwaka 1995 akaenda Luton Town. Mwaka 1999 akaenda Preston North End, timu iliyokuwa daraja la tatu chini ya kocha kijana aitwaye David Moyes, na mwaka uliofuata wakapanda. Hapo akakaa hadi 2007, akicheza beki wa kulia wiki baada ya wiki. Kisha akahamia Burnley.

Hesabu na wewe: kutoka 1990 hadi 2009, miaka 19, hajagusa Ligi Kuu hata dakika moja. Preston walifika fainali ya mchujo wa kupanda mwaka 2001, wakapigwa na Bolton. Wakafika tena 2005, wakapigwa na West Ham. Mtu mwingine angesema basi, Mungu hakupanga.

Mei 2009 Burnley waliifunga Sheffield United 1-0 pale Wembley na kupanda. Agosti mwaka huo Alexander akacheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu akiwa na miaka 37, umri ambao wenzake wengi wameshafungua baa. Siku chache baadaye Burnley wakaifunga Manchester United 1-0, naye akiwa uwanjani. (Wana Man U, poleni, sikukusudia kutonesha kidonda.) Wakati huo walikuwa wanamtumia kama kiungo mkabaji, na msimu ule alifunga mabao 7, mengi yakiwa ya penati. Burnley walishuka, lakini yeye hakuwa sababu.

Aprili 2011 alitimiza mechi 1,000. Elfu moja! Ukicheza mechi 50 kila mwaka bila kukosa, unahitaji miaka 20 kuzifikisha. Na jezi ya timu ya taifa ya Uskoti aliivaa mara 40, nyingi kati ya hizo akiwa mchezaji wa timu isiyo ya Ligi Kuu.

Najua kuna atakayesema, huyo alikuwa mvumilivu tu, kipaji hakuna. Angekuwa na kipaji vigogo wangemchukua mapema. Hoja hiyo nilikuwa naiamini. Siiamini tena. Tangu lini kuaminika kukawa si kipaji? Makocha waliompanga mara elfu moja hawakuwa wanatoa sadaka. Kila mmoja alipokaa kupanga kikosi Ijumaa usiku, jina lile halikumsumbua kichwa. Ni wachezaji wangapi unaoweza kusema hivyo juu yao?

Tatizo, nadhani, liko kwetu sisi tunaoandika. Habari kwetu ni kitu kilichotokea. Beki kazi yake ni kuhakikisha kitu hakitokei. Akifanya kazi yake vizuri hana habari. Akikosea mara moja, jina lake tunalipa kichwa cha habari kwa herufi nene. Kwa hiyo msomaji wetu hulijua jina la beki siku aliyoboronga tu. Halafu wenye pesa za usajili nao wanasoma magazeti yetu, na mzunguko unaendelea.

Kwa Alexander angalau kulikuwa na wanaohesabu. Kila mechi ya ligi Uingereza inaandikwa mahali, hata ya daraja la nne, hata ya siku ya mvua na watu elfu mbili. Ndiyo maana leo naweza kukaa Dar es Salaam nikakutajia elfu moja yake. Beki wangu wa kwenye vumbi amecheza mechi ngapi? Nilimuuliza. Akacheka. "Mwandishi, nani alikuwa anahesabu?"

Nimerudi kwa mhariri kuomba nafasi ya kumwandika. Akaniuliza swali la haki kabisa: "Amefanya nini?" Nikajiumauma. Ningekuwa na bao lake ningejibu kwa neno moja. Nikamwambia amecheza miaka kumi na mbili na bado makocha wanampanga. Akaniangalia kama niliyeomba mkopo. Hajakubali, hajakataa.

Alexander aliagwa Aprili 2012, amerudi Preston, umri miaka 40. Dakika za majeruhi dhidi ya Charlton, timu yake iko nyuma 2-1, akapiga mpira wa adhabu ukaenda moja kwa moja wavuni. 2-2, kwaheri. Siku ile magazeti yalimwandika, maana alifunga. Zile mechi nyingine 1,000 na ushee zilibaki kwenye vitabu vya takwimu.

Wikiendi narudi kwenye uwanja ule wa vumbi. Safari hii nitakaa nyuma ya goli la timu yake, na nitakuwa nahesabu.