Lori Likikosa Nguvu Mlimani

Huenda wewe na ndugu zako mmeuza ng'ombe, mkachanga fedha, mkanunua lori kuukuu la kubebea mahindi na mbao. Siku moja lapanda mlima kwa taabu, moshi mweusi watoka nyuma, au ule wa samawati unaonuka oili iliyoungua. Fundi afungua boneti, asema, "Turbo imekufa." Kabla hujampa fedha, soma haya.

Turbo ilibuniwa na Bwana Alfred Büchi wa Uswisi, aliyepata hati yake mwaka 1905. Mwaka 1938 kampuni ya Saurer ya nchi hiyohiyo ikaifunga katika injini ya lori. Kazi yake si ngumu kueleweka. Moshi utokao injini kwa nguvu wazungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Upande wa pili wa mhimili uleule kuna feni, nayo huvuta hewa na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi yaweza kuungua, na nguvu yaongezeka. Mhimili huo waweza kuzunguka mara zaidi ya 100,000 kwa dakika moja! Ukienda hivyo haugusi chuma, bali waelea katika utando mwembamba wa oili. Oili ikikatika kidogo tu, beringi zaungua.

Ndiyo maana nasema turbo mara chache hufa kwa ugonjwa wake yenyewe. Jirani yangu alinunua mpya kwa fedha za karo ya watoto, na wiki ya pili ikafa kama ile ya kwanza. Bomba dogo la kupeleka oili lilikuwa limezibwa na masizi, wala hakuna aliyelitazama. Basi mwulize fundi: imeuawa na nini? Mapanga ya feni yakiwa yamelika, vumbi limepita. Tazama chujio la hewa na mipira yake. Mhimili ukiwa umegeuka rangi ya samawati, umekosa oili. Na bomba la kurudisha oili likiziba, oili yavuja na kuingia katika njia ya hewa. Hilo si la mchezo: injini yaweza kuanza kula oili yake yenyewe, ikapiga mbio bila kusikia ufunguo wala kanyagio.

Kuifufua ni kazi ya usafi zaidi kuliko nguvu. Fundi hodari hutia alama kwenye maganda kabla ya kuyatenganisha, na hajaribu nyundo. Nati ya feni mara nyingi hufunguka kinyume. Beringi na ringi ziwe mpya, nao mhimili na magurudumu yake upelekwe mjini kupimwa ulinganifu kwa mashine. Siku ya kufunga, oili na chujio lake vibadilishwe, oili safi imiminwe katika tundu la turbo, na injini izungushwe kwa stata bila kuwaka mpaka oili ionekane yarudi.

Vijana wataniuliza, je, tukifunga turbo kubwa zaidi? Kwa lori la mizigo mimi sipendi. Turbo kubwa huchelewa kuamka injini ikienda polepole, na hapo ndipo mlimani unapoihitaji. Tena wataongeza dizeli ili waone nguvu, joto lipande, pistoni ziyeyuke. Na breki za lori ni zilezile. Anayeshikilia kufanya hivyo afunge kwanza kipima joto cha moshi na kipoza hewa kinachotosha.

Na wewe dereva, ukishuka na mzigo mzito usizime injini papo hapo. Iache ingurume taratibu dakika tatu hivi, turbo ipoe huku oili ikipita. Utingo atakuwa bado anafungua kamba.